Jina la Babu katika Kadi ya Maktaba

Mwanafunzi mgeni anapofika chuo kikuu cha Uingereza kwa masomo ya uzamili, hawamuulizi kwanza amekuja kutafuta elimu gani. Humuuliza jina. Siku yangu ya kwanza, mwishoni mwa Septemba, nilisimama katika mstari mrefu ndani ya ukumbi wa michezo uliogeuzwa ofisi ya usajili kwa wiki moja. Nilipofika mbele, kijana mmoja mpole alinigeuzia kompyuta yake na kunionyesha nafasi mbili za kujaza: moja ya jina langu, nyingine ya jina la ukoo. Mimi ni mtu wa Pemba. Kwetu mtu ana jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, na pasipoti huyaandika yote matatu kwa mfuatano huo. Kijana yule alilitazama la mwisho, akalipeleka katika nafasi ya ukoo, akabonyeza, na baada ya dakika chache nikakabidhiwa kadi yenye picha yangu na jina la babu.

Babu yangu alikuwa mkulima wa karafuu. Katika maisha yake yote alivuka bahari mara moja tu, kwenda Tanga, na aliporudi aliapa kuwa harudii tena. Sasa ghafla alikuwa na ruhusa ya kuazima vitabu katika maktaba yenye ghorofa nyingi, katika mji ambao jua lake huzama saa kumi jioni wakati wa baridi. Barua pepe ya kwanza kutoka idarani, iliyoandikwa kabla hatujaonana, ilimwandikia yeye, tena kwa "Bwana". Nilipomsimulia mama kwa simu alicheka hata akakohoa, kisha akasema: "Basi soma kwa adabu, mwanangu. Jina la watu hilo."

Nilicheka naye, lakini neno lake halikunitoka. Katika miezi ile ya mwanzo, wakati mgeni bado hajui duka gani lina unga wa ngano wa kufaa chapati wala semina gani inaruhusu kuuliza swali, nilikuwa nikishinda maktabani, na kila nilipofungua kitabu cha zamani kuhusu watu wa kwetu nilijikuta nikiangalia kwanza majina: nani ameandikwa jalada, nani ametajwa ndani, nani hakutajwa kabisa. Hivyo ndivyo nilivyokutana na baadhi ya waliotutangulia katika mistari hii ya usajili. Naona historia yao inamhusu kila anayewasili leo na sanduku lake.

Wazungumzaji wa Kiswahili wa mwanzo kuingia katika vyuo vya Ulaya hawakuingia kama wanafunzi. Mwaka 1887 kilifunguliwa Berlin Chuo cha Lugha za Mashariki, ambamo maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakielekea Afrika Mashariki walifunzwa Kiswahili. Kila mwalimu wa Kijerumani alihitaji pembeni yake mtu aliyezaliwa na lugha yenyewe. Amur bin Nasur wa Zanzibar aliifanya kazi hiyo kuanzia 1891 hadi 1895. Mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo, mtu aliyekwishasoma elimu ya dini na sheria kwao kabla hajaiona Ulaya.

Mtoro aliandika. Aliandika kwa Kiswahili habari za uzazi na malezi, ngoma na unyago, harusi, pepo, safari, deni na hukumu, yeye pamoja na wenyeji wengine. Maandishi hayo yakatoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Jina lililosimama mbele ya kitabu ni la Carl Velten, mwalimu wa chuo kile, aliyeyakusanya na kuyahariri. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, na mwaka uliofuata wakapanda meli kwenda Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni haikukubali mke yule ashuke kuishi nchini na mumewe Mwafrika, na wote wawili wakarudi Ujerumani. Mtoro alifundisha tena, Hamburg na kwingineko, akafia Berlin mwaka 1927. Kitabu kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1981, katika tafsiri ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari lilipoingia katika anwani yake. Ilikuwa miaka 78 tangu chapa ya kwanza.

Nilizisoma nakala zote mbili katika meza moja, ile ya 1903 na ile ya 1981. Yaliyomo ni yale yale. Kilichobadilika ni nani tunayemshukuru.

Mtu wa pili niliyemfuata alianzia mahali pale pale alipoachwa Mtoro, yaani katika kiti cha mtoa habari. Alizaliwa Kamau, mwana wa Muigai, katika nchi ya Wagikuyu. Wamisionari wa Kiskoti walimbatiza mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Baadaye akajiita Kenyatta, kwa mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa. Alifika London mara ya kwanza mwaka 1929, akiwa ametumwa na chama cha Kikuyu Central Association kuwasilisha malalamiko ya ardhi, akarudi tena mwaka 1931, na mara hii akakaa miaka 15. Alisoma kwa muda Woodbrooke, chuo cha Wakweka huko Birmingham, akapitia Moscow, kisha kuanzia 1933 akapanga chumba katika nyumba namba 95, Cambridge Street, mtaa wa Pimlico. Hakuwa na shahada ya kwanza. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa baba wa baadhi ya wanafunzi wenzake.

Katika University College, London, alikuwa akikaa na Lilias Armstrong, mtaalamu wa fonetiki, akitamka maneno ya Kigikuyu tena na tena ili mwenzake aandike sauti inapanda wapi na kushuka wapi. Hiyo ilikuwa kazi ya ujira. Katika chuo cha London School of Economics, mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu, alikuwa mwanafunzi wa anthropolojia katika semina maarufu ya Bronislaw Malinowski, ambamo wasomi wa mataifa mengi walikuwa wakijadili desturi za watu wa mbali. Tafadhali, msomaji, uitafakari hali hiyo. Upande mmoja wa mji mtu ni kinywa ambacho wengine hukisikiliza na kukipima. Upande wa pili mtu huyo huyo anatakiwa kukaa mezani na kupima. Na desturi zilizokuwa mezani zilikuwa za mama yake.

Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake juu ya sauti za Kigikuyu kikatoka mwaka 1940. Ndani yake mtoa habari wake mkuu anaitwa "Bwana Muigai", yaani jina la baba yake Kenyatta. Asiyejua angepita bila kutambua kwamba huyo ndiye atakayekuwa rais wa kwanza wa Kenya. Lakini miaka miwili kabla, mwaka 1938, kilikuwa kimekwishatoka kitabu kingine kilichotokana na ile semina, Facing Mount Kenya. Malinowski alikiandikia utangulizi. Jalada lilibeba jina ambalo halikuwahi kuonekana juu ya kitabu: Jomo Kenyatta. Picha yake ilimwonyesha amevaa ngozi na kushika mkuki, ingawa katika mitaa ya London alijulikana kwa suti.

Wapo walioiona picha ile kuwa maigizo, na hawakukosea kabisa. Wapo pia waliosema, kwa haki, kwamba kitabu kinaipamba mno jamii ya Wagikuyu na kuwasikiliza zaidi wazee wenye mamlaka kuliko wanawake au maskini. Yote hayo yanaweza kusemwa na bado tukakiri kilichotokea. Mtu aliyekuwa akilipwa ili atamke alikuwa amesimama na kutia sahihi yake.

Jumapili moja ya Novemba, nikiwa nimemaliza wiki nane nchini, nilipanda treni kwenda London na kuitafuta nyumba ile ya Pimlico. Ukutani pana kibao cha buluu cha kumbukumbu kinachosema kwamba Jomo Kenyatta aliishi hapo kuanzia 1933 hadi 1937. Nilisimama mbele yake mikono ikiwa mifukoni kwa baridi, nikawa nahesabu. Kitabu ni cha 1938. Katika miaka yote iliyoandikwa ukutani, aliyekuwa akipanda ngazi za nyumba hii na kuhangaikia kodi ya chumba alikuwa Johnstone. Mtarishi asingemjua huyo Jomo. Kibao kimemkaribisha ndani mtu ambaye alikuwa bado anatengenezwa humo.

Nilirudi nikiwaza kwamba pengine kutulia ugenini huenda kwa mwendo huo. Tunadhani mwanafunzi hutulia atakapopata chumba, koti na marafiki. Hayo huja kwa miezi miwili au mitatu. Kinachochukua miaka ni kujua utajibu vipi ukiitwa.

Wangari Maathai alichukua njia tofauti, kwa sababu hakutafuta jina jipya. Alilirudia la zamani. Kwa desturi ya Wagikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, naye alizaliwa Wangari. Shule za misheni zilimpa Mary Josephine, na kwa miaka mingi jina lake mwenyewe liliwekwa nyuma ya hilo, kama kwamba ni jina la ukoo. Septemba 1960 alisafiri na mamia ya vijana wa Kenya katika mpango wa masomo ya Marekani ulioongozwa na Tom Mboya, akapelekwa Mount St. Scholastica, chuo cha watawa wa Kibenedikto huko Atchison, Kansas. Rafiki zake humo walimwita Mary Jo. Alipata shahada ya sayansi mwaka 1964.

Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh kwa uzamili wa biolojia, na hapo, kama wengi wetu, akagundua kwamba kuizoea sehemu moja ya nchi si kuizoea nchi. Kutoka mji mdogo wa watawa kando ya mto Missouri alijikuta katika mji wa viwanda vya chuma. Ule ulikuwa wakati ambapo Pittsburgh ilikuwa ikipigana kusafisha hewa yake iliyochafuliwa na moshi kwa vizazi, na Wangari mwenyewe alikuja kuikumbuka kazi hiyo kuwa mfano wake wa mwanzo wa watu wanaorekebisha mazingira waliyoyaharibu. Katika maabara alichunguza tezi ndogo iliyomo katika ubongo wa ndege aina ya kware. Hapakuwa na mtu wa kwao katika somo hilo, wala kabila lake halikujadiliwa mezani. Kazi yake ilikuwa kupasua, kukata vipande vyembamba na kutazama kwa hadubini, na ustadi huo ndio uliomfungulia mlango baadaye.

Aliporudi Nairobi mwaka 1966 alijitambulisha kwa jina la Wangari Muta, Muta likiwa la baba yake. Alikuwa na barua ya ajira kutoka chuo kikuu cha huko, akaambiwa kwamba nafasi imekwishapewa mtu mwingine. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, anaeleza wazi kwamba aliona sababu kuwa ni ukabila na jinsia yake. Ni ule ustadi wa hadubini uliomfaa: Reinhold Hofmann, profesa Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, alihitaji msaidizi wa kazi hiyo hiyo. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Na ndoa yake ilipovunjika, alipotakiwa asiendelee kutumia jina la mumewe, Mathai, aliliongezea herufi moja "a" na kulifanya lake. Dunia ikampa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa jina hilo alilolirekebisha kwa mkono wake.

Mwaka ule ule wa 1964 ambao Wangari alihamia Pittsburgh, mwandishi kijana kutoka Makerere alifika Leeds. Vitabu vyake wakati huo vilikuwa na jina la James Ngugi. Alikuja kufanya utafiti juu ya fasihi ya Karibi, hasa riwaya za George Lamming wa Barbados. Leeds ilikuwa na wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika na mijadala mikali ya siasa, na Ngugi alimsoma Frantz Fanon, akasoma nadharia za Marx, akabishana na wenzake, akaandika. Alichokiandika hakikuwa tasnifu. Kilikuwa riwaya, A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967. Akaondoka bila kumaliza shahada aliyoijia.

Kwa daftari la ofisi ya usajili, huyo ni mwanafunzi aliyeshindwa. Wasomaji wa riwaya zake wanajua alichokipata Leeds. Na jina? Lilichelewa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1970 alihutubia mkutano wa kanisa la Presbyterian Nairobi, akaanza kwa kusema yeye si mtu wa kanisa. Mzee mmoja akasimama na kumkaripia: mbona unaitwa James? Katika miaka iliyofuata akaliacha jina hilo, na mwaka 1977 riwaya yake Petals of Blood ikatoka kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, mwana wa Thiong'o. Mwaka 2004 Leeds ilimtunuku udaktari wa heshima kwa jina ambalo hakuwa nalo alipojisajili. Alifariki mwaka 2025.

Nimewataja watu wakubwa, na msomaji anaweza kuniuliza: haya yanamsaidia nini mwanafunzi wa kawaida, ambaye hatakuwa rais wala mshindi wa tuzo, na ambaye wiki hii anatafuta tu chumba chenye kodi nafuu? Nami nilijiuliza hivyo, mpaka mwaka wangu wa pili uliponirudisha Pemba kwa utafiti.

Nilikwenda kuwauliza wazee juu ya kazi ya wanawake katika uchumaji wa karafuu. Kabla sijaondoka, nilijaza fomu ya maadili ya utafiti, kurasa nyingi, na humo niliahidi kwamba kila msailiwa nitamficha kwa jina la bandia. Nia ya sharti hilo ni njema. Visiwani kwetu kuna miaka ambayo mtu kuizungumza kwa jina lake kunaweza kumletea taabu, na wapo walioniomba wenyewe niwafiche. Nimewaficha.

Lakini palikuwa na bibi mmoja karibu na Wete, mtu mzima sana, aliyenieleza kwa siku tatu namna ya kupanda mkarafuu, kufunga matawi kwa kamba, kuchambua na kuanika, na nani alilipwa nini kwa pishi. Siku ya nne nilimsomea nilivyoandika, ili asahihishe. Alisikiliza macho yakiwa yamefumba. Nilipofika mwisho akafumbua.

"Maneno ni yangu," akasema. "Huyu Bi Asha ndiye nani?"

Nikamweleza kwamba ni jina la kumkinga, kwamba chuo kinataka hivyo.

"Wanikinga na nini? Mie nimeiba?" Akacheka kidogo, kisha akawa mkali. "Andika jina langu, mwanangu. Na la baba yangu, na la babu yangu. Mikarafuu hiyo aliipanda yeye. Huyo Asha wako hajawahi kupanda ngazi."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka Mtoro na miaka yake 78. Nilimkumbuka "Bwana Muigai" ndani ya kitabu cha sauti. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikisikitika kwa niaba yao, na kwa niaba yangu mwenyewe kwa sababu ya kadi ya maktaba, na sasa kalamu ilikuwa mkononi mwangu nami nilikuwa nimefanya lile lile, kwa adabu na kwa fomu iliyotiwa sahihi.

Niliporudi Uingereza niliisoma fomu ile upya, mstari kwa mstari, kama ambavyo ningepaswa kuisoma mwanzo. Katika ukurasa wa mwisho kulikuwa na nafasi ya kueleza iwapo msailiwa anataka atajwe kwa jina lake, na nani ameshuhudia ridhaa yake. Nilikuwa nimeiruka. Wakati naijaza mara ya kwanza nilikuwa mgeni, na mgeni hujaza anachoonyeshwa. Mjukuu wa bibi akasoma maelezo mbele yake, bibi akaweka alama ya kidole, na karatasi ikanifikia. Katika tasnifu yangu majina yake matatu yatakuwamo kwa mfuatano aliouagiza. Majina yangu matatu nayo yatakuwa ukurasa wa kwanza, kwa mfuatano wake. Kadi ya maktaba sikuibadilisha. Nimezoea babu aniitikie.

Septemba iliyopita nilijitolea kuwapokea wanafunzi wapya katika ukumbi ule ule wa michezo. Kijana mmoja wa Tanga, kwa lafudhi yake nilimtambua kabla hajamaliza sentensi, alifika mbele ya kompyuta akasita, akageuka akinitafuta kwa macho.

"Dada, hapa niandike lipi?"

Mstari nyuma yake ulikuwa mrefu. Nikamvutia kiti, nikamwambia akae kwanza anitajie yote, moja baada ya jingine.